Miguu ya Shifti: Mafunzo Niliyopata Kati ya Viwanda vya Thika na Bwawa la Ndakaini

Mkenya akitaja mbio hutaja Iten, Kaptagat, Nyahururu au Ngong. Thika hutajwa kwa mananasi, mafuta ya kupikia, mikate na vitambaa, na jirani yake Ruiru kwa maziwa, vyuma na kahawa. Hata hivyo, kabla shifti ya asubuhi haijaingia, utawakuta watu wakikimbia kandokando ya barabara ya Garissa kutoka Makongeni, na wengine wakipanda kuelekea Mang'u. Wachache mno kati yao hulipwa kwa mbio hizo. Mimi ni wa wale wasiolipwa. Nafanya kazi ya shifti kiwandani, na wiki yangu ya kawaida ya mazoezi huvuka kilomita 100, nyakati nyingine ikikaribia 130. Mashindano ninayoyalenga ni yale ya kilomita 21 ya karibu na nyumbani, hasa ya Ndakaini, kule Gatanga, yanayokimbiwa kuzunguka bwawa.

Haya ninayoyaandika yametokana na miaka ya kuishi hivyo. Yanamfaa zaidi mtu anayekimbia sana, anayefanya kazi ya kusimama mchana au usiku kucha, na ambaye anajua tangu mwanzo kwamba zawadi ya fedha si yake.

1. Wafanyakazi wa viwanda walitutangulia

Swali ninaloulizwa na wenzangu kazini ni moja: "Kwani utashinda?" Nalielewa. Kwetu Kenya mbio ni ajira. Kijana akionekana barabarani alfajiri, watu hudhani anatafuta meneja, viza na shamba. Mtu anayemaliza shifti ya saa nane kisha akaenda kukimbia kilomita 16 bila kutarajia hata shilingi anaonekana kama aliyepotea njia. Jibu langu huwa historia, kwa sababu mbio za kilomita nyingi zinadaiwa sana na watu wa viwandani.

Emil Zátopek aliingia kiwanda cha viatu cha Bata mjini Zlín, Czechoslovakia, akiwa mvulana wa miaka kumi na mitano hivi. Hakuwa mkimbiaji wala hakutaka kuwa. Mwaka 1941 msimamizi wa michezo wa kiwanda alimnyooshea kidole yeye na vijana wengine, akawaamuru waingie mbio. Akamaliza wa pili kati ya washiriki wapatao 100. Miaka kumi na mmoja baadaye, Helsinki 1952, alitwaa dhahabu ya mita 5,000, ya mita 10,000 na ya marathoni katika Olimpiki moja. Hakuna mwanariadha mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Kampuni hiyohiyo ya Bata ina kiwanda kikubwa Limuru, ndani ya kaunti yetu ya Kiambu. Nikiwaambia wenzangu hilo, hukaa kimya kidogo.

Wa pili ni Arthur Lydiard wa Auckland, New Zealand. Naye alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha viatu, na kwa kipindi fulani akaongeza kibarua cha kusambaza maziwa ili familia ipate riziki. Hakuwa na maabara. Aliutumia mwili wake mwenyewe: akaongeza kilomita, akapunguza, akaongeza tena, mpaka akaridhika kwamba kilomita kama 160 kwa wiki humjenga mtu bila kumvunja. Vijana wa mtaani kwake wakamfuata kwenye milima ya Waitakere, mbio ndefu za kilomita 35 na mwinuko usioisha. Tarehe 2 Septemba 1960, huko Roma, wawili wao walishinda dhahabu alasiri moja: Peter Snell katika mita 800 na Murray Halberg katika mita 5,000. Siku chache baadaye Barry Magee, mwanafunzi wake mwingine, alikuwa wa tatu katika marathoni ile aliyoshinda Abebe Bikila wa Ethiopia bila viatu.

Ninachokipenda zaidi kwa Lydiard kilikuja baada ya medali. Mwaka 1962 kulianzishwa Auckland, kwa ushawishi wake, klabu ya watu wa kawaida, wengi wao wanaume wa makamo wenye vitambi na mioyo dhaifu, wakikimbia taratibu kwa ajili ya afya. Kocha Mmarekani Bill Bowerman aliwatembelea, akaona wazee wakimwacha nyuma mlimani, akarudi nyumbani na wazo hilo. Mamilioni wanaokimbia mitaani leo wana deni kwa yule fundi wa viatu. Kwa hiyo nikiulizwa kama nitashinda, hujibu kwamba mwili wangu baada ya shifti ni wangu, na nimeamua kuutumia hivi.

2. Kimbia polepole kuliko moyo unavyotaka

Anayekimbia kilomita 40 kwa wiki anaweza kuzikimbia zote kwa hasira na akapona. Anayekimbia 120 hawezi. Katika kundi letu kuna mzee aliyeikimbilia timu ya kikosi kimoja cha serikali enzi za ujana wake. Kijana mgeni akianza kuvuta mbele kilomita ya kwanza, mzee humwita: "Kijana, rudi hapa. Mang'u haihami." Kilomita ya kwanza tunaimaliza kwa dakika sita, tukizungumza habari za bei ya unga. Ya tano tunaifikia tukiwa na dakika tano na nusu. Mtu ambaye kasi yake ya mashindano ni dakika tatu na sekunde arobaini anaona aibu kwenda hivyo mbele ya bodaboda. Aibu hiyo lazima uizoee.

Sababu iko ndani ya misuli. Mwendo mwepesi wa muda mrefu huifanya misuli iote mishipa midogo zaidi ya damu, na huongeza mitokondria, zile sehemu za chembe hai zinazogeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu. Moyo nao hupanuka na kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Hayo huja kwa wingi wa saa za mwendo. Ukikimbia kwa kasi kila siku utapata saa chache, kwa sababu kesho utachechemea. Isitoshe, mapafu na moyo hubadilika upesi kuliko mifupa na kano. Mtu hujisikia ana pumzi ya kwenda mbio zaidi wakati mfupa wa muundi bado haujawa tayari, na hapo ndipo majeraha ya mifupa huanza.

Mabingwa wetu wanalijua hili. Nenda Kaptagat uangalie siku ya mbio nyepesi: watu wanaoweza kukimbia marathoni nzima chini ya dakika tatu kwa kilomita huondoka taratibu kiasi kwamba hata mimi ningekuwa nao kwa muda. Kasi wameiwekea siku zake. Mimi huiwekea siku mbili kwa wiki: moja ya fatleki kwenye barabara ya udongo, dakika moja kasi na dakika moja pole, na nyingine ya mwendo mgumu usiokatika kupanda barabara ya Gatanga. Siku zilizobaki mzee ndiye msemaji.

3. Shifti ihesabiwe ndani ya mazoezi

Programu nyingi za mazoezi zinazosambazwa kwenye simu zimeandikwa kwa mtu anayekaa kitini. Kusimama saa nane juu ya sakafu ya saruji, ukisukuma troli na kuinua magunia, ni mzigo kwa miguu, na unapaswa kuandikwa kwenye daftari pamoja na kilomita. Wiki ya shifti ya mchana nafanya kazi ngumu. Wiki ya usiku naondoa kasi yote, nabaki na kilomita nyepesi, na nyingi nazipunguza.

Baada ya usiku wa kazi, nalala kwanza. Wapo wenzangu wanaopenda kukimbia moja kwa moja kutoka getini saa moja asubuhi ili "wamalize". Sikubaliani nao. Macho yamechoka, barabara imejaa malori na matatu, na usingizi ndio unaotengeneza misuli iliyochanika. Lala, kula, kimbia saa kumi jioni.

4. Ijue hewa unayoivuta na ardhi unayoikanyaga

Barabara Kuu ya Thika, ile ya njia nane iliyofunguliwa rasmi Novemba 2012, humvutia mkimbiaji kwa sababu ni laini na haina mashimo. Siikimbii. Mtu anayekimbia huvuta hewa mara kadhaa zaidi ya aliyeketi, na huivuta kwa mdomo, ikipita puani kidogo tu. Moshi wa dizeli wa foleni ya asubuhi kutoka Ruiru hadi Githurai unaingia moja kwa moja kifuani. Eneo la Viwanda lenyewe lina saa zake: Jumapili alfajiri barabara zake ni pana, tupu na tulivu, na ni mahali pazuri pa kupima kasi; lakini Jumanne saa mbili asubuhi, malori yakiwa yamepangana kusubiri kupakia, hapafai kabisa.

Njia za thamani ni zile za udongo. Upande wa Thika ni kuelekea Mang'u na Gatanga, ambako unapanda na hewa inazidi kupoa. Upande wa Ruiru ni ndani ya mashamba ya kahawa. Mji huo una kituo cha utafiti wa kahawa kilichotoa aina ya Ruiru 11, iliyofikishwa kwa wakulima mwaka 1985 kwa sababu inahimili magonjwa yaliyokuwa yakimaliza mazao. Una pia chuo cha mafunzo cha maafisa wa magereza, ambacho uwanja wake umeandaa mbio za nyika za Magereza, na ukibahatika kuwapo siku hiyo utaona wakimbiaji wa kimataifa wakirushiana matope kwa bei ya kuvua viatu vyako vya kazi na kusimama kando ya kamba.

Njia hizi zinapungua na jambo hili linaniuma. Mashamba ya kahawa yanakatwa viwanja, viwanja vinazungushiwa kuta, na mahali palipokuwa na kijia cha wachuma kahawa sasa pana geti na mlinzi. Sina ugomvi na nyumba. Watu wanahitaji pa kulala, nami ni mpangaji. Lakini kaunti inapopitisha ramani za mitaa mipya kati ya Ruiru na Juja, iache ukanda wa udongo wa mita tatu kando ya barabara. Watoto wa shule watautumia kuliko sisi. Wanawake wa kundi letu wangeutumia zaidi ya wote, kwa sababu wao huwezi kuwaambia waende peke yao gizani, na tumekubaliana kwamba siku wanayokimbia wao kabla ya mapambazuko, kundi zima linatoka kwa saa yao na linarudi kwa mwendo wa aliye nyuma.

5. Nusu marathoni ya milimani haikimbiwi kwa saa ya mkononi

Bwawa la Ndakaini, ambalo jina lake rasmi ni Bwawa la Thika, lilikamilika mwaka 1994. Linaweza kushika mita za ujazo milioni 70, na ndilo tegemeo kuu la maji ya Nairobi. Mbio zake za kilomita 21 zilianzishwa ili kuhimiza watu watunze mazingira ya chemichemi zinazolijaza. Liko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,040. Thika mjini tuko kama mita 1,500. Tofauti hiyo ya zaidi ya mita 500 inapunguza oksijeni katika kila pumzi kwa asilimia kama 6. Juu ya hilo, njia ni kupanda na kushuka katikati ya mashamba ya chai, na asubuhi ukungu na ubaridi hukaa juu ya maji.

Kwa hiyo takwimu za nje ziache nyumbani. Moses Tanui alikuwa binadamu wa kwanza kukimbia nusu marathoni chini ya saa moja, dakika 59 na sekunde 47, Milan mwaka 1993. Samuel Wanjiru, akiwa na miaka 18, alikimbia 59:16 Rotterdam mwaka 2005. Yomif Kejelcha wa Ethiopia aliishusha hadi 57:30 Valencia mwaka 2024. Ni miji tambarare, yenye hewa nzito ya karibu na usawa wa bahari. Nikipanda Ndakaini na saa inayopiga kelele kila kilomita kwamba nimechelewa, nitaharibu mbio zangu kabla ya kilomita ya nane. Napima juhudi kwa pumzi: kwenye mwinuko niweze kutamka sentensi fupi, kwenye mteremko nisizuie miguu.

Hapa ndipo kilomita nyingi zinalipa, na inafaa kueleza namna zinavyolipa, kwa kuwa wengi hudhani nusu marathoni ni marathoni iliyokatwa katikati. Katika marathoni, adui ni kuishiwa. Glaikojeni, ile sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini, huelekea kuisha karibu na kilomita 30, na mtu hugeuka jiwe. Katika kilomita 21 akiba inatosha, ukila vizuri jioni ya kuamkia mbio. Kinachoamua ni kiwango cha juu kabisa cha kasi unachoweza kukishikilia kabla lakteti, ile inayozalishwa na misuli inayofanya kazi kwa nguvu, haijajikusanya kwenye damu kuliko mwili unavyoweza kuiondoa. Mazoezi mepesi mengi yanakiinua kiwango hicho polepole, lakini hayakifikishi mwisho. Ndiyo maana wiki sita kabla ya Ndakaini ule mwendo mgumu wa barabara ya Gatanga naurefusha hadi kilomita 12. Anayekimbia polepole tu mwaka mzima atafika mwisho bila kuumia, ila kila kilima kitamshtua.

Faida ya pili ni ya miteremko. Kushuka kwa kasi kunavunja misuli ya mapaja kuliko kupanda, kwa kuwa misuli inanyooshwa huku ikikaza ili kukuzuia usianguke. Vijana wenye kasi kuliko mimi, waliojiandaa uwanjani tu, huanza kushuka kwa tahadhari baada ya kilomita ya 14. Wanashika viuno. Mapaja yaliyozoea kilomita 120 za wiki kwenye njia za Mang'u bado yana kazi ndani yake, na kutoka hapo naanza kuwafikia mmoja mmoja. Sipiti kwa kishindo. Nampa mtu neno, "twende, ndugu", na mara nyingi anakaa nyuma yangu hadi kilima kinachofuata.

Mbele, kundi la washindi limeshamaliza zamani. Muda ambao katika mji wa wastani wa Ulaya ungenipa nafasi ya heshima katika mbio za mtaa, hapa unaniweka nyuma ya umati wa vijana wa kambi, na hiyo ndiyo fahari ya kukimbia Kenya. Naanzia kwenye mstari mmoja na watu wanaoweza kwenda Valencia mwezi ujao. Wachuma chai wanasimama na vikapu mgongoni kutushangilia wote, na akina mama wa Gatanga hawabagui: wa kwanza na wa mwisho wote huitiwa kwamba pamebaki kidogo.

Kuhusu wiki ya mwisho, nina neno moja. Punguza kilomita hadi karibu nusu, ila usilale kitandani. Mwili uliozoea kukimbia kila siku ukisimamishwa ghafla hupoa na kuwa mzito. Nabakiza vipande vifupi vya kasi, dakika moja moja, na Ijumaa nakimbia nusu saa nyepesi kabisa. Jumamosi miguu itakuwa na hamu isiyo ya kawaida, na kilomita tatu za kwanza za Ndakaini utajiona unaruka. Mzee wa kundi letu hana ushauri mpya kwa saa hiyo. Ni uleule wa kila siku, na Gatanga nayo haihami.

6. Damu inajengwa mezani

Mkimbiaji wa kilomita nyingi hupoteza madini ya chuma kwa njia kadhaa: kwa jasho, kwa chembe nyekundu zinazopasuka mguu unapopiga ardhi maelfu ya mara, na kwa wanawake, kwa hedhi pia. Chuma kikipungua, oksijeni haifiki, na mtu anazidisha mazoezi akidhani amekuwa mvivu. Maharagwe ya githeri, mchicha, terere, maini mara moja kwa wiki, hivyo vyote vinasaidia. Chai inapunguza. Tanini iliyomo huzuia chuma cha mboga kisifyonzwe, kwa hiyo kikombe chetu tunachokipenda kingoje saa moja baada ya mlo. Vitamini C inafanya kinyume chake, inakisaidia chuma kuingia, na sisi tunaishi mahali ambapo nanasi linauzwa kila kona ya stendi. Kipande cha nanasi pamoja na githeri ni dawa ya bei nafuu kuliko vidonge vyovyote nilivyowahi kuuziwa. Ukihisi uchovu usioisha kwa wiki tatu, nenda ukapime damu kabla ya kubadilisha programu.

7. Kilomita za Kiptum ni za Kiptum

Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago tarehe 8 Oktoba 2023 kwa saa 2, sekunde 35 tu juu yake. Kocha wake, Gervais Hakizimana kutoka Rwanda, alieleza kwamba kijana huyo alikuwa akikimbia zaidi ya kilomita 250 kwa wiki, nyakati nyingine kufikia 300, na kwamba yeye mwenyewe alihofia mwili hautavumilia hivyo kwa miaka mingi. Hatukupata kujua. Tarehe 11 Februari 2024 wote wawili walifariki katika ajali ya gari karibu na Kaptagat. Nilikuwa shifti ya usiku habari zilipofika, na mashine zilipozimwa kwa mapumziko watu ambao hawajawahi kukimbia hata hatua walikuwa wakilia.

Baada yake vijana wengi walianza kuzitafuta zile kilomita 250. Nawaelewa, lakini nawaambia wazi: Kiptum alikuwa akikimbia, akila, akilala mchana, kisha akikimbia tena. Hakuna aliyekuwa akimngoja kwenye mashine. Kwa mtu wa shifti, kati ya kilomita 100 na 130 ndipo ninapoona faida bado inakua na mwili bado unapona. Zaidi ya hapo, unachokiongeza barabarani unakitoa kwenye usingizi. Na hata kufikia 100 kunahitaji miaka. Ongeza kidogo, kaa hapo wiki kadhaa, na kila wiki ya nne shuka. Maumivu ya misuli yanayohama si kitu. Maumivu ya mfupa, yanayokaa mahali pamoja unapoweza kupaweka kidole, simama siku hiyo hiyo ukaonwe na daktari.

8. Viwanda vyetu vinaweza kuwa na timu

Hili ndilo ninalolitaka kuliko yote. Japani kampuni huajiri wakimbiaji. Wanavaa jina la kampuni, wanashindana katika mbio za kupokezana za ekiden, na taifa zima linaangalia kwenye televisheni. Douglas Wakiihuri alikwenda huko, akafunzwa na Kiyoshi Nakamura katika timu ya kampuni ya vyakula ya S&B, akawa bingwa wa dunia wa marathoni Roma 1987 na mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki Seoul 1988. Samuel Wanjiru alikimbilia Toyota Kyushu kabla ya kushinda dhahabu ya Beijing 2008. Hapa kwetu mfano upo serikalini: Catherine Ndereba, aliyevunja rekodi ya dunia Chicago mwaka 2001 kwa 2:18:47, alikuwa afisa wa Magereza. Na viwanda vya Thika vinajua michezo. Bidco United ilikua hadi ligi kuu ya soka ya taifa.

Kwa nini basi hakuna timu ya mbio ya kiwanda hata kimoja ninachokifahamu kati ya Ruiru na Thika? Timu ya soka inahitaji uwanja, kocha, jezi, basi la kila wiki na mishahara. Mbio zinahitaji kidogo zaidi ya ruhusa. Siombi wakimbiaji wa kuajiriwa kama wa Japani. Hilo lingekuwa zuri, lakini lije baadaye. Naomba kwa ajili ya walioko tayari kwenye mashine. Bafu moja karibu na geti, ili mtu aweze kukimbia kutoka nyumbani hadi kazini akanawa. Shifti ya usiku wa kuamkia mbio iruhusiwe kubadilishana bila kukatwa mshahara. Ada ya kushiriki ilipwe kwa wanaojiandikisha, wanawake kwa wanaume, wapakiaji kwa makarani. Na basi moja la kampuni Jumamosi ya mbio, liondoke Makongeni saa kumi na moja alfajiri, lipitie Gatanga hadi bwawani. Meneja anayetaka kujua kama watu watajitokeza abandike karatasi tupu na kalamu kwenye ubao wa matangazo, Jumatatu shifti zinapopishana, aione Jumatano.